Waya Upande wa Ng'ombe

Miaka yote niliyoshika usukani wa lori, kulikuwa na binadamu wa aina moja tu niliyeshindwa kumvumilia, naye ni mwenye ng'ombe barabarani. Mlevi nilimvumilia. Askari wa barabarani nilimvumilia, maana yule angalau anakuona na wewe unamwona. Lakini ng'ombe anayetokea kwenye kona, nyuma yake hakuna mtu, na ukishakanyaga breki mpaka roho ikafika kooni ndipo mwenyewe anachomoza majanini kuuliza kama mnyama wake ameumia, huyo nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Basi Mungu naye ana mizaha yake. Nilipostaafu nilirudi nyumbani kwa mke wangu. Nyumba ya mke wangu iko kwenye kona, na mke wangu anafuga ng'ombe.

Nasema ni wa mke wangu kwa sababu ndivyo ilivyo. Mimi nilikuwa njiani. Nikija nyumbani nilikuta watoto wamerefuka, karo imelipwa, chumba cha nyuma kimeezekwa bati jipya, na nikiuliza imekuwaje naambiwa ni maziwa. Ng'ombe wale anawajua kwa kikohozi. Wao nao wanamjua kwa hatua zake. Akitoka tu jikoni na ndoo ya pumba, hata kinywa hajafungua, wamekwisha kujipanga. Sijawahi kumwona akimswaga ng'ombe kwa fimbo. Anaita tu, "Njooni, njooni wanangu," na wote wanakuja, Kiherehere akiwa mbele. Kiherehere ni jina nililompa mimi, na ukimwona huyo ng'ombe hutaniuliza kwa nini.

Barabara yetu ilikuwa ya vumbi, ikatiwa lami mimi nikiwa bado kazini. Uzio tuliokuwa nao ulikuwa wa miti mikavu na kamba, ulitosha enzi za magari kujikokota. Jioni moja mke wangu alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ya kusaga. Akatoka na kifuko cha pumba kichwani, akaagana na mwenye mashine kwa sauti ile yake inayofika mbali. Ng'ombe mmoja mtulivu, mweupe, tuliyemwita Bi Harusi, akaisikia. Akaupitia ule uzio kama hakuna kitu na akaja lamini kumpokea mama yake. Bodaboda ikatokea kwenye kona, imembeba fundi cherehani wetu.

Ng'ombe alikufa palepale. Mwendesha bodaboda alichubuka magoti. Fundi cherehani alivunjika mkono, tena ule wa kulia, ule anaoshikia mkasi. Alitibiwa akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo mke wangu alikuwa akienda kwake kila asubuhi kumfulia na kumpikia. Fundi hakusema neno baya. Alimkaribisha, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Mke wangu alikuwa akirudi kutoka huko amenyong'onyea kuliko mtu aliyetukanwa.

Siku moja tukiwa jikoni akaniambia, bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "Nimeongea na mchuuzi wa ng'ombe. Anakuja mwisho wa mwezi na lori lake. Anachukua wote watano."

Nikaweka kikombe chini. "Halafu utabaki na nini?"

"Nitabaki na usingizi."

"Ng'ombe hana kosa, mama watoto."

"Najua hana. Alinisikia mimi." Akajigusa kooni. "Tangu siku ile sijawaita. Nikitaka kuwaita sauti inakwama hapa. Nawafuata mmoja mmoja na kamba, nawakamua kimyakimya kama mwizi. Huko siyo kufuga, Dereva."

Akiniita Dereva ujue mambo yameharibika. Na mimi niliogopa, sina haja ya kuficha. Nilimjua mwanamke huyu kwa kumsikia nikiwa bado mbali na nyumba, asubuhi na jioni, akiwaita wanyama wake na kuwagombeza na kuwauliza habari za usiku. Nyumba ilikuwa imekuwa kimya kwa muda na mimi, mjinga, nilidhani ni majonzi ya kupita. Niliona wazi kwamba akiwauza wale watano hatauza ng'ombe tu.

"Nipe nafasi nijenge uzio," nikasema.

"Uzio tunao."

"Tunazo takataka. Mimi nasema uzio."

Akageuka, mwiko mkononi. "Jenga. Lakini mchuuzi simwambii asije. Akija nikawa sijaridhika, wanapanda lori."

"Na utaridhikaje?"

"Nitajua mwenyewe," akasema, akarudi kwenye sufuria yake.

Nikapiga moyo konde. Kesho yake nilikuwa dukani kabla mwenye duka la vifaa hajamaliza kupanga ndoo nje. Yule bwana ni mnene, mpole, na anapenda kuuza kilichomjaa stoo. Akaniambia, "Mzee, wewe chukua seng'enge. Kila mtu anachukua seng'enge."

"Kila mtu ana ng'ombe wa maziwa kando ya lami?"

"Miiba inawatisha. Wakigusa mara moja hawarudii."

Nikamwambia nimeona kwa macho yangu ng'ombe aliyetishwa na gari akaivaa seng'enge mzimamzima, akatoka upande wa pili na kiwele kimechanika. Ng'ombe mwenye hofu hasomi miiba. Akanionyesha uzio wa umeme, kijisanduku chake kizuri chenye taa nyekundu. Nikamuuliza, dukani kwake umeme umekatika mara ngapi wiki hii. Akacheka, akakirudisha kijisanduku rafuni. Mteja mmoja aliyekuwa anachagua bawaba akadakia, akasema niokoe gharama, nipande michongoma, itafunga pande zote na hata kuku hapiti. Mchuuzi anakuja mwisho wa mwezi, mimi nianze kumwagilia michongoma! Lakini hata ningekuwa na miaka kumi, michongoma kwenye kona ile nisingeipanda. Niliijua kona kama hiyo kutoka juu ya kiti cha dereva. Ukuta wa majani ukiziba upande wa ndani, huoni kilicho mbele mpaka umekifikia. Nataka dereva aone ng'ombe wangu akiwa bado mbali, na ng'ombe wangu naye aone gari.

Mwishowe nilichagua wavu wa waya mgumu, wa miraba, midogo chini na mikubwa juu, na uzi mmoja tu wa seng'enge wa kupita juu kabisa ili wasiuegemee kwa shingo. Nguzo nikazifuata kwa mpasua mbao mwenyewe, nikazigonga moja moja kwa kisigino cha panga na kukataa zile zilizolia mvungu. Akaniuliza kama naoa au najenga uzio. Nikamwambia nikishindwa kujenga uzio huenda nikalazimika kuoa tena, maana huyu niliye naye ataniacha kwa huzuni. Akacheka, lakini mimi nilikuwa nusu nasema kweli.

Kazi niliifanya na shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Shemeji ni fundi rangi. Nyumba nyingi nzurinzuri unazoziona mjini kwetu zimepita mikononi mwake, na anatembea na kitambaa mfukoni cha kujifutia viatu. Anampenda dada yake kupita kiasi, kwa hiyo nilipomwambia kilichopo alikuja bila maswali, amevaa ovaroli lenye rangi zote za dunia.

Tulianza kwa kusogea nyuma. Nilivuta kamba kutoka kona hadi kona, mbali na mfereji wa barabara, ndani kabisa ya mpaka wetu. Shemeji akalalamika kwamba tunawanyima ng'ombe majani. Nikamwambia lori likikosa breki linahitaji mahali pa kwenda kufa, na mahali hapo pasiwe juu ya mgongo wa ng'ombe. Mlango nao nikaurudisha ndani zaidi, kiasi kwamba lori zima linaweza kutoka lamini likasimama mbele yake bila mkia kubaki barabarani. Nikauning'iniza ufunguke kuelekea ndani. Ukifungukia nje, ng'ombe mmoja akiusukuma tu, wote wako safarini.

Nguzo za kona zilitutoa jasho. Tulizichimbia kwenda chini mpaka shemeji akabaki kichwa, nikawa namtania kwamba nikimfukia hapo uzio utakuwa umepata nguzo yenye mdomo. Tukashindilia mawe na udongo, tukaweka na miti ya mshazari ya kuzikinga zisivutwe na waya. Mikono ilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Usiku nilikuwa nalala kama gogo. Mke wangu alikuwa akituletea maji ya kunywa, anasimama kidogo, anatazama, anaondoka. Hakusema pazuri wala pabaya.

Ukafika wakati wa kuufunga wavu kwenye nguzo, na hapa ndipo tulipojiharibia wenyewe. Shemeji akashika kiuno akasema, "Shemeji, wavu tuupigilie nje, upande wa barabara. Ukipita, unaona kitu kimenyooka, laini, hakuna nguzo zinazojitokeza. Nguzo zibaki ndani huko."

Nikavuka barabara nikasimama ng'ambo nikatazama. Nikauona uzuri anaousema. Nikasema, "Sawasawa kabisa."

Tukapigilia nje. Tukaukaza ule wavu kwa mashine ya kukazia mpaka ukawa unalia ukiugonga kwa kidole. Na kweli ulipendeza. Wenzangu wa zamani wakaanza kupita na malori yao, wananijua, wanapunguza mwendo, wanapiga honi ndefu. Mmoja alitoa kichwa dirishani akauliza kama tunafuga ng'ombe au mabalozi. Kichwa kikavimba. Jioni ile nilikula mara mbili, nikamwambia mke wangu aanze kufikiria maneno ya kumwambia mchuuzi.

"Tutaona," akasema.

Asubuhi nimekaa nangojea chai, akaja nayo. Akaweka kikombe. Halafu akafungua ngumi ya mkono wa pili, akamwaga misumari juu ya meza, ile ya U ya kushikia waya. Ilikuwa konzi nzima.

"Nimeiokota chini ya nguzo," akasema. "Na ng'ombe hawajatishwa na kitu. Kiherehere alikuwa anajikuna tu."

Damu ikanipanda. Nikaanza na mwenye duka, kwamba ameniuzia misumari ya mabati ya kopo. Nikahamia kwa shemeji, kwamba mtu aliyezoea brashi ukimpa nyundo anabembeleza msumari badala ya kuugonga. Nilikuwa njiani kuelekea kwa mpasua mbao mke wangu aliponikatiza.

"Umemaliza?"

"Sijamaliza."

"Basi njoo umalizie huku."

Nikamfuata, chai ikabaki mezani inapoa. Akanipitisha mlangoni, akaniingiza kwa ng'ombe, akanisimamisha kwenye samadi na viatu vyangu vya nyumbani. "Simama hapa. Tazama." Nikasimama. Baada ya muda Kiherehere akaja zake taratibu, akaona jani la kijani upande wa pili, akashusha shingo, akaegemeza kifua kwenye wavu na kusukuma. Hakutumia hata nguvu. Wavu ukaondoka kwenye nguzo kuelekea barabarani, msumari mmoja ukachomoka na kudondoka majanini. Kisha mwingine.

Mtoto mdogo angeelewa. Uzito wote wa ng'ombe yule ulikuwa unabebwa na visumari, na nguzo zangu nilizozichagua kwa kuzigonga moja moja zilikuwa zimesimama upande wa ndani, pembeni mwa ng'ombe, hazifanyi kazi yoyote. Kama wavu ungekuwa upande wa ndani, kila anaposukuma angekuwa anaukandamiza kwenye nguzo. Ungezidi kushika kadiri anavyozidi kusukuma.

Na nilijua kwa nini hatukuona. Shemeji maisha yake yote anatazama nyumba kwa mbele. Mimi maisha yangu yote naona uzio wa watu kupitia kioo cha gari. Tulijenga ule uzio wote tukiwa tumesimama barabarani, watu wazima wawili, na hakuna aliyefikiria kwenda kusimama upande wa ng'ombe.

"Mchuuzi anakuja lini?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Keshokutwa asubuhi," akasema mke wangu. Alisema kwa upole, akaniwekea mkono begani. Nilielewa kwamba alikuwa ananiaga kwa niaba ya ng'ombe wake, na hapo ndipo nilipokasirika kikwelikweli. Sikumkasirikia yeye.

Nikampigia shemeji. Akaja, nikamwambia tunabandua wote. Akadhani natania. Akanitazama usoni akaona sitanii.

"Wavu wote?"

"Wote. Tunaupitisha ndani."

"Lakini shemeji, kwa nje itakuwa aibu. Nguzo zitatokeza kama mbavu za mgonjwa."

"Zitokeze."

"Watu wanapita pale."

"Watu wapite. Hicho ndicho walichojengewa barabara."

Akavua saa yake akaitia mfukoni. Kung'oa msumari ni kazi kuliko kuupiga. Kila tuliopigilia vizuri ulitukomoa. Tukaulegeza wavu kutoka nguzo ya kona, tukaukunja, ukatuchana mikono kama paka, tukauviringisha ndani na kuanza upya. Sasa kila tulipofunga nguzo mbili tatu nilimwambia shemeji aweke nyundo chini, aingie ndani, aegemee kama ng'ombe. Mwanzo aliona haya. Baadaye akanogewa, akawa anajiegemeza kwa mgongo mzima huku anatafuna jani, na Kiherehere pembeni anamshangaa. Mke wangu alimwona akiwa jikoni, nikasikia kicheko kifupi dirishani. Sikuwa nimekisikia kitambo, nikapiga msumari uliofuata kwa raha.

Siku ya pili tulimaliza jua likizama. Kwa nje ulikuwa hautazamiki. Nguzo zimesimama mbele, moja imepinda kidogo, nyingine ina gome. Shemeji akazunguka, akaguna, akaenda kwenye baiskeli yake akarudi na kopo la rangi nyeupe. Akazipaka nguzo zote za kwenye kona, upande wa barabara, tangu chini hadi juu. "Usiku zitang'aa kwenye taa za gari," akasema. "Dereva aone kona inakata wapi." Nikamwambia hilo ni jambo la maana kuliko yote aliyowahi kuyafanya kwa brashi, na alifurahi kuliko nilivyotegemea.

Mchuuzi alikuja asubuhi kama alivyosema. Lori lake lilitoka lamini, likasimama mbele ya mlango wetu, mkia wote nje ya barabara. Angalau hilo nilikuwa nimelipatia. Ni mtu mwembamba mwenye kofia, si mbaya, biashara yake ni hiyo. Akashusha mlango wa nyuma wa lori, akaweka ubao wa kupandishia. Mimi na shemeji tulisimama pembeni kama watu wanaongojea majibu ya daktari.

Mke wangu akatoka jikoni na ndoo ya pumba. Alikuwa amejifunga khanga kiunoni imara. Hakumsalimia mchuuzi ila kwa kichwa. Akaupita mlango wa uzio bila kuufungua, akatembea kando ya uzio kwa nje mpaka kwenye kona, na hapo akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka barabara. Alikwenda kusimama mbele ya mashine ya kusaga, mahali palepale alipokuwa jioni ile.

Nikaelewa anachotaka kufanya. Nikamwambia shemeji akimbilie upande wa juu wa kona, mimi nikakimbilia upande wa chini, nikavua shati nikaanza kulipunga. Basi moja lilikuwa linakuja. Likapunguza, likasimama mbele yangu, abiria wakajazana madirishani.

"Kuna nini, mzee?" dereva akauliza.

"Mke wangu anataka kuita ng'ombe."

Akanitazama kifua wazi, shati mkononi, akazima injini.

Mke wangu akafungua kinywa na sauti haikutoka. Akaweka ndoo chini, akashika kiuno, akavuta pumzi. "Njooni," akasema, chini chini. Kisha, kwa sauti ile yake, ile inayofika mbali, "Njooni! Njooni wanangu!"

Wakainua vichwa wote watano. Wiki kadhaa hawakuwa wameisikia sauti ile. Wakaja wakikimbia, viwele vikiyumba, Kiherehere mbele, na hakupunguza mwendo. Akauvaa uzio kwa kifua. Nguzo zikalia. Wengine wakamfuata, wakajipanga bega kwa bega, uzito wote ule ukaegemea wavu, na wavu ukaegemea nguzo. Nilikuwa natazama misumari kwa macho yangu ya kizee kutoka mbali kana kwamba ningeweza kuiona. Wavu uliingia ndani ya mbao ukakaa. Mke wangu akaendelea kuita. Akatikisa ndoo. Kiherehere akalia kwa uchungu, akarudi nyuma, akauvaa tena.

"Inatosha, mama watoto," nikapaza sauti.

"Bado," akajibu, bila kuniangalia.

Akawaita kila mmoja kwa jina. Aliwabembeleza, akawasuta, akawaahidi. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Upande wa pili walikuwa wanasukuma na kulia, na mimi moyo ulikuwa unaniuma kwa ajili yao na kwa ajili yake.

"Mbona hawaji?" dereva wa basi akauliza.

"Nyamaza," nikamwambia.

Kisha Kiherehere akachoka. Akasimama, akamtazama mke wangu ng'ambo ya lami kwa muda mrefu, akapiga chafya, akageuka zake kwenda kula majani. Mmoja baada ya mwingine nao wakageuka. Mke wangu akaita mara ya mwisho. Wakainua masikio tu.

Akaokota ndoo yake akavuka. Nilimkuta kwenye kona, kwenye nguzo nyeupe, ameishika moja na anahema.

"Tangu nianze kufuga," akaniambia, "leo ndiyo siku ya kwanza nimewaita na hakuna aliyekuja." Akalia na kucheka kwa pamoja, akaniegemea kifuani, kifua chenyewe wazi mbele ya basi zima.

Mchuuzi akakohoa kwa adabu. "Mama, nipandishe au nisipandishe?"

"Rudisha ubao wako, baba," akasema. "Samahani kwa safari."

Nikavaa shati, nikaliruhusu basi. Mke wangu akaenda mlangoni na ndoo yake, nikamfungulia, akapita, nikafunga nyuma yake na kuvuta komeo. Walimzunguka kabla hajafika katikati. Kiherehere alikuwa wa mwisho kusogea, bado amenuna, na ilibidi mke wangu amwite mara mbili.